Dizzy Dean: Gwiji wa besiboli ambaye kidole cha mguu kilimnyima mkono

MNAMO Julai 7, 1937, katika uwanja wa Griffith jijini Washington, mpira uliotoka kwenye gongo la Earl Averill wa Cleveland ulienda kasi kama risasi na kumgonga mrushaji wa timu ya nyota wa Ligi ya Taifa kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Rais Franklin Roosevelt alikuwa miongoni mwa watazamaji siku hiyo. Madaktari walipomchunguza mchezaji huyo, walibaini kuwa kidole kilikuwa kimevunjika.

Lilikuwa jeraha dogo, la aina ambayo humlaza mtu nyumbani kwa majuma machache kisha likasahaulika. Hili halikusahaulika. Aliyeumia alikuwa Dizzy Dean, mrushaji wa St. Louis Cardinals, mwenye umri wa miaka 27 na ambaye wakati huo alikuwa ameshashinda mechi 12 za msimu huo. Katika muda uliosalia wa msimu alishinda moja tu. Tangu siku hiyo hadi leo, wapenzi wa besiboli nchini Marekani wamekuwa wakibishana kuhusu mambo mawili: ni nini hasa kilichoumaliza mkono wake, na je, mchezaji aliyeng'aa kwa misimu mitano anastahili kuketi meza moja na waliodumu kwa miaka 20?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, mrushaji ndiye moyo wa timu. Kazi yake yakaribiana na ile ya mtupaji mpira katika kriketi, ila yeye hukunja mkono na kuuvurumisha mpira moja kwa moja bila ya kuudundisha chini. Mchezo una vipindi tisa, na timu yenye mrushaji hodari inaweza kushinda hata wapigaji wake wakiwa hafifu. Ndiyo sababu ushindi na ushinde huandikwa kwa jina la mrushaji, na ndiyo sababu pia bega lake hulindwa kama mboni ya jicho. Angalau hivyo ndivyo ilivyo sasa. Enzi za Dean mambo yalikuwa tofauti.

Alizaliwa Januari 16, 1910 katika kijiji cha Lucas, jimbo la Arkansas, na kupewa jina Jay Hanna Dean. Baadaye alijiita Jerome Herman, na wanahabari walipomuuliza alikozaliwa na lini, kila mmoja alipewa jibu lake. Inasimuliwa kuwa alifanya hivyo kwa hisani tu, ili kila mwandishi arudi ofisini na habari ambayo wenzake hawakuwa nayo. Mamaye alifariki Dean akiwa mtoto mdogo. Babake, Albert, alikuwa mkulima fukara aliyelima mashamba ya wengine, na wanawe wakawa wachumaji pamba wa kuhamahama, leo hapa kesho kule. Masomo hayakumpeleka mbali. Aliacha shule akiwa katika madarasa ya chini.

Akiwa kijana wa miaka 16 hivi alijiunga na jeshi na kupelekwa kambi ya Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Huko alipata viatu vizuri, chakula cha uhakika na timu ya besiboli. Huko pia, kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, ndiko sajini mmoja aliyechoshwa na vituko vyake alikombandika jina Dizzy, yaani mwenye kisunzi. Jina hilo lilimganda maishani.

Cardinals walimsajili na kumjaribu mara moja mwishoni mwa msimu wa 1930, naye akaishinda Pittsburgh. Licha ya hayo, mwaka wa 1931 walimrejesha katika ligi ndogo mjini Houston. Alishinda mechi 26 huko, na mwaka huohuo akamwoa Patricia Nash, mwanamke mwerevu aliyeshika mikoba ya fedha za nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Mtu anayesoma maisha ya Dean hukosea akimwona Patricia kuwa mke wa pembeni. Bila yeye, yamkini jagina huyu angekufa maskini kama wengi wa rika lake.

Kuanzia 1932 alikuwa gumzo la nchi nzima. Msimu wake wa kwanza kamili alishinda mechi 18, uliofuata 20. Julai 1933 aliwaondoa wapigaji 17 wa Chicago Cubs katika mechi moja kwa kuwakosesha mpira mara tatu kila mmoja, idadi ambayo ilikuwa rekodi ya zama hizo. Kisha ukaja mwaka wa 1934.

Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkuu wa uchumi, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Kijana huyu kutoka mashamba ya pamba, mwenye majigambo yasiyo na kifani na mkono wa kuyathibitisha, aliwapa wanyonge kitu cha kushangilia. Alishinda mechi 30 na kupoteza 7 tu. Mdogo wake Paul, aliyejiunga na timu mwaka huo, alishinda 19. Mnamo Septemba 21, walipocheza mechi mbili siku moja dhidi ya Brooklyn, Dizzy aliwazima wenyeji 13-0 kwa kuwaruhusu mapigo matatu pekee. Paul naye akaja katika mechi ya pili na kushinda 3-0 bila kuruhusu hata pigo moja. Katika fainali ya taifa, World Series, dhidi ya Detroit Tigers, ndugu hao wawili waligawana ushindi wote minne ya St. Louis, kila mmoja miwili. Mechi ya saba, iliyoamua bingwa, Dizzy aliimaliza mwenyewe kwa 11-0.

Kwa kazi hiyo yote mshahara wake ulikuwa dola 7,500 kwa mwaka, na wa Paul dola 3,000. Dean hakunyamaza. Aligoma akitaka mdogo wake aongezewe. Mwezi Agosti ndugu hao walikataa kusafiri hadi Detroit kwa mechi ya kirafiki, wakatozwa faini na kusimamishwa. Dizzy kwa hasira alirarua sare yake, na wapiga picha walipolalama kuwa wamepitwa na tukio hilo, akararua nyingine mbele yao. Kamishna Kenesaw Mountain Landis aliiunga mkono klabu. Haingekuwa vinginevyo, kwa kuwa kandarasi za siku hizo zilimfunga mchezaji kwa klabu yake mithili ya mpangaji asiye na ruhusa ya kuhama, kanuni iliyovunjwa 1975 pekee.

Baada ya fainali hizo Dean aliongoza kikosi cha nyota kuzuru miji kadhaa na kucheza dhidi ya timu za watu weusi, ambao ubaguzi wa rangi uliwafungia nje ya ligi kuu hadi 1947. Huko alipambana na Satchel Paige. Mzungu huyu wa kusini, aliyejisifu asubuhi na jioni, alikiri hadharani kwamba Paige alimshinda kwa urushaji. Ni jambo linalofaa kukumbukwa kila takwimu za enzi hizo zinapochambuliwa, maana mechi 30 zile zilishindwa katika ligi ambayo baadhi ya wapigaji bora wa nchi hawakuruhusiwa kuingia.

Mwaka wa 1935 alishinda mechi 28, na 1936 akashinda 24. Hapa ndipo mjadala wa kwanza unapoanzia. Wengi husimulia kisa cha kidole na kukomea hapo: kwamba Dean alirudi uwanjani takriban wiki mbili baada ya kuumia, akakwepa kuuegemea mguu wenye maumivu, akabadilisha namna ya kurusha, na bega likabeba mzigo ambao mguu uliukataa. Maelezo hayo yana mantiki. Nguvu ya mrushaji huanzia miguuni, ikapanda kiunoni na kufikia mkono mwisho. Ukikata mnyororo huo chini, juu lazima pakatike.

Hata hivyo, hesabu zina kisa kingine. Kati ya 1932 na 1936 Dean alirusha vipindi zaidi ya 1,500. Katika kila msimu wa miaka mitatu ya mwisho alipindukia vipindi 300. Mwaka wa 1936 alitokea katika mechi 51. Alianzisha 34, na katika nyingine 17 aliitwa katikati kuwazimia wenzake moto. Meneja Frankie Frisch alimtumia kila alipohitaji ushindi, na alihitaji ushindi kila siku. Dean mwenyewe hakuwahi kukataa mpira. Leo hii hakuna klabu ambayo ingethubutu kumfanyisha kijana kazi ya namna hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba bega lile lilikuwa zima kabisa hadi alasiri ile ya Julai. Kidole kilikuwa kijiti cha kiberiti. Kuni zilikuwa zimekaushwa kwa miaka mitano.

Mtu mmoja aliyejua kusoma hesabu hizo alikuwa Branch Rickey, msimamizi wa Cardinals, ambaye aliona heri kumuuza mchezaji mwaka mmoja mapema kuliko mwaka mmoja baada ya thamani yake kuisha. Aprili 16, 1938 alimpeleka Dean kwa Chicago Cubs ya tajiri Philip Wrigley, akapokea wachezaji watatu na dola 185,000. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara 25 ya mshahara ambao klabu ilimlipa Dean mwaka aliowapa ubingwa.

Mashabiki wa St. Louis walihamaki, wale wa Chicago wakafurahi. Nani alipunjwa? Kwa miaka minne Cubs waliambulia ushindi 16 tu kutoka kwa Dean. Curt Davis, mmoja wa watatu waliokwenda upande wa pili, alishinda mechi 22 katika msimu wa 1939 pekee. Kwa mizani ya duka, Rickey alishinda kwa mbali.

Lakini besiboli haipimwi kwa mizani ya duka pekee. Mwaka ule wa 1938, huku bega likimuuma na kasi ikiwa imetoweka, Dean alirusha vipindi 74 na ushei, akashinda mechi 7 na kupoteza 1, kwa wastani wa mikimbio 1.81 kwa kila vipindi tisa. Alitumia mipira ya polepole, hila na ujuzi wa kusoma akili ya mpigaji. Septemba 27, Cubs wakiwa nyuma kidogo ya Pittsburgh katika mbio za ubingwa wa ligi, alipewa mpira dhidi ya wapinzani haohao na akashinda 2-1. Siku iliyofuata Gabby Hartnett aliupiga mpira ukavuka ua giza likiingia, Cubs wakaongoza ligi na hatimaye kuinyakua. Ni shabiki gani wa Chicago angekubali kurudisha vuli ile ili arejeshewe dola zake?

Fainali ya mwaka huo ilikuwa dhidi ya New York Yankees. Katika mechi ya pili, mjini Chicago, Dean aliwababaisha wapigaji wakali kuliko wote duniani kwa mipira isiyo na nguvu, na kufikia mwisho wa kipindi cha saba Cubs waliongoza 3-2. Katika kipindi cha nane Frank Crosetti aliupeleka mpira nje ya ua mwenzake mmoja akiwa njiani, na katika cha tisa Joe DiMaggio akafanya vivyo hivyo. Cubs walilazwa 6-3 na kupoteza fainali nzima bila ushindi hata mmoja. Huenda hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake bora kuliko zote, ingawa kwenye vitabu imeandikwa ushinde.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Alishinda mechi 6 mwaka wa 1939 na 3 mwaka wa 1940, akateremshwa hadi ligi ndogo mjini Tulsa, na baada ya kurusha kipindi kimoja tu msimu wa 1941 akastaafu akiwa na miaka 31.

Aligeukia utangazaji wa redio mjini St. Louis, na umaarufu wake ukazidi. Alivuruga vitenzi vya Kiingereza jinsi mtangazaji wa Kiswahili angevuruga ngeli, hata mwaka wa 1946 walimu wa Missouri wakalalamika kwamba anawaharibu wanafunzi. Wasikilizaji walimpenda vivyo hivyo. Mwaka wa 1947 aliwakejeli warushaji wa St. Louis Browns hewani kiasi kwamba klabu ilimpa sare aonyeshe alichonacho. Siku ya mwisho ya msimu, akiwa na miaka 37, alirusha vipindi vinne bila kuruhusu mkimbio, akapiga pigo moja safi, na akatoka msuli wa mguu ukiwa umeteguka.

Mwaka wa 1953 waandishi wa besiboli walimchagua kuingia Jumba la Umaarufu la Cooperstown, akiwa na ushindi 150 dhidi ya kushindwa mara 83. Wapinzani walisema 150 ni haba mno, ilhali wapo waliopitisha 200 na bado wako nje. Watetezi walijibu kuwa 121 kati ya hizo alikuwa amezipata kabla ya msimu ule wa kidole kuanza. Hoja yao iliimarika Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers alipostaafu 1966 kwa maumivu ya mkono, akiwa na miaka 30 na ushindi 165, na kuingia jumbani humo 1972 bila wengi kunung'unika. Kwa wanaothamini kilele, Dean ni Koufax wa kwanza. Kwa wanaojumlisha miaka, ni onyo.

Aliaga dunia Julai 17, 1974 mjini Reno, Nevada, kwa maradhi ya moyo, na akazikwa Bond, Mississippi, nyumbani kwa kina mkewe. Mwaka huohuo Cardinals waliistaafisha jezi nambari 17. Denny McLain wa Detroit alishinda mechi 31 mwaka wa 1968 katika Ligi ya Marekani. Katika Ligi ya Taifa, tangu Dean, hakuna mrushaji aliyefikisha 30.