Walther Goetze: Aliyepiga picha misitu ya Uhehe na Rungwe

Mwaka 1899 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani alipita Iringa, Ukinga na Rungwe akiwa na kamera. Hakurudi kwao akiwa hai. Mimea aliyoikausha iliteketea kwa sehemu kubwa mjini Berlin, lakini picha zake 64 bado zipo.

Walther Goetze alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1872. Mwaka 1898, akiwa bado kijana, alitumwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa fedha za wakfu wa Hermann na Elise Wentzel, uliokuwa chini ya Chuo cha Sayansi cha Prussia mjini Berlin. Kazi yake ilikuwa kukusanya mimea ya nyanda za juu za kusini, sehemu ambayo wanasayansi wa Ulaya walikuwa hawajaijua vizuri. Kutoka pwani alipita Khutu na milima ya Uluguru, akapanda Uhehe, kisha Ukinga, Rungwe, nchi ya Wanyakyusa hadi uwanda wa Rukwa. Namba alizoziandika kwenye vielelezo vyake zinapita elfu moja.

Alifika Uhehe katika hali gani?

Hapa ndipo maisha yake yanapogusana na historia nyingine kabisa. Mtwa Mkwawa alijiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, baada ya vita vilivyoanza na ushindi wake wa Lugalo mwaka 1891. Goetze aliingia Uhehe mwanzoni mwa 1899, miezi michache tu baadaye. Njia alizopita zilikuwa zimefunguliwa kwa bunduki, na ni vigumu kuziangalia picha zake za miti bila kulikumbuka hilo. Katika mradi huohuo alikuwamo daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn, ambaye naye alipiga picha nyingi, zikiwemo za watu, na mwaka 1906 akatoa kitabu kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma. Fülleborn alielekeza kamera kwa watu na maumbile yao. Goetze alijulikana zaidi kwa mimea.

Alikuwa akipiga picha gani?

Hakutafuta ua moja la kupendeza. Alitaka uoto mzima uonekane: nyika, pori la miyombo, msitu wa mlimani, majani ya nyanda za baridi. Kielelezo kilichokaushwa kwenye karatasi humwonyesha mtaalamu jani na ua, lakini hakimwonyeshi mti ulisimama vipi, uliota karibu na nini, wala kama kivuli chake kilifika chini. Picha ilijaza pengo hilo.

Nyanda hizi hazina majira ya kuchipua kama ya Ulaya, ambako miti huvaa majani theluji inapoyeyuka. Zina kitu cha ajabu zaidi. Miyombo ya Iringa na Mbeya huchipua Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa na mvua bado haijanyesha. Majani machanga hutoka mekundu, ya waridi au rangi ya shaba, na baada ya wiki chache tu hugeuka kijani. Hata katika misitu ya mlimani, ambako miti haipukutishi majani yote kwa pamoja, utaona mizambarau-mwitu yenye vichipukizi vyekundu juu ya majani ya zamani yaliyokolea. Wekundu huo hutokana na rangi iitwayo anthosayanini. Wataalamu wengi huieleza kama kinga ya jani laini dhidi ya jua kali, na wengine huongeza kwamba huwafukuza wadudu.

Kamera ya wakati ule ilionaje chipukizi?

Vibaya sana. Vioo vya picha vya miaka ya 1890 vilihisi zaidi mwanga wa buluu na zambarau. Vile vilivyoboreshwa viliongeza njano na kijani, lakini si nyekundu. Vioo vinavyohisi rangi zote vilianza kuuzwa karibu mwaka 1906. Maana yake ni kwamba tawi la myombo lililowaka kama moto mbele ya macho ya mpiga picha lilitoka jeusi kwenye picha, jeusi kuliko hata jani lililozeeka. Anayezitazama picha za zama hizo bila kulijua hili anaweza kudhani ameona mti mkavu au uliochomwa.

Upepo nao ulikuwa tatizo. Ndani ya msitu wenye giza kioo kilihitaji kuachwa wazi kwa muda, na jani changa ni jepesi, hutikiswa na kila pumzi ya upepo. Shina hutoka safi, ncha za matawi hutoka kama ukungu. Isitoshe, vioo ni vizito na huvunjika. Wapagazi ndio waliovipandisha milima ya Ukinga na kuviteremsha, ingawa majina ya kisayansi yaliyotokana na safari hiyo yalimtukuza Goetze.

Alikufaje, na kazi yake ikawaje?

Alifariki Desemba 1899 huko Langenburg, kituo cha Wajerumani kando ya Ziwa Nyasa, akiwa hajafikisha miaka 28. Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin, alizipanga picha zake, akaziandikia maelezo na kuzichapisha Leipzig mwaka 1902. Goetze hakukiona kitabu hicho.

Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliiangukia hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, na sehemu kubwa ikaungua. Nakala za baadhi ya vielelezo vyake zilikuwa zimekwisha kupelekwa hifadhi za nchi nyingine, ndiyo maana watafiti bado wanaweza kuviona. Picha zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimechapwa. Leo zina kazi ambayo yeye hakuifikiria: kuonyesha pori la kusini lilivyokuwa kabla ya mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, na kabla ya misonobari kutoka Mexico iliyofunika vilima vya Sao Hill.

Jina lake limo katika mgunga uitwao Acacia goetzei, katika Protea goetzeana, na kwa kinyonga aliyepewa jina lake na Gustav Tornier mwaka 1899, mwaka uleule aliofariki. Kinyonga huyo bado anaishi kwenye milima ya Poroto, Ukinga na Udzungwa, na ng'ambo ya mpaka katika uwanda wa Nyika nchini Malawi.