Oscar Micheaux na Chimbuko la Uongozaji Wake wa Filamu

Katika historia ya filamu za Wamarekani Weusi, jina la Oscar Micheaux hutangulia mengine. Baina ya 1919 na 1948 aliongoza filamu zipatazo 40, nyingi zikiwa zimeandikwa, kugharimiwa na kusambazwa naye mwenyewe. Wingi huo umewafanya baadhi ya wahakiki waitazame mikanda na kulipuuza swali lililo la msingi zaidi, yaani jinsi mtu asiyekuwa na mafunzo yoyote ya sinema alivyopata kuiongoza filamu yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 35. Jibu la swali hilo halimo katika sinema. Limo katika kilimo na uchuuzi wa vitabu.

Micheaux alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimboni Illinois, mwana wa wazazi waliowahi kuonja utumwa. Akiwa kijana alikwenda Chicago, akafanya vibarua vya namna mbalimbali, hatimaye akaajiriwa kuwa mtumishi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Kazi hiyo ilikuwa ya kunyenyekea, lakini ilimpa mambo mawili: akiba ya fedha na fursa ya kuiona nchi. Kwa akiba hiyo alinunua shamba huko South Dakota, katika sehemu ya ardhi ya Walakota wa Rosebud ambayo serikali ilikuwa imewafungulia walowezi. (Kwamba mjukuu wa watumwa alijitafutia uhuru juu ya ardhi iliyowatoka wengine ni kinaya ambacho maandishi yake hayakihangaikii sana.) Alilima akizungukwa na majirani Wazungu. Mwaka 1910 alimwoa Orlean McCracken, binti wa mchungaji wa Chicago. Ndoa haikudumu, baba mkwe alimrejesha binti yake mjini, na ukame nao ukayakausha mazao. Micheaux alipoteza mke, kisha akapoteza ardhi.

Hasara hizo mbili ndizo zilizomfanya mwandishi. Mwaka 1913 alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Conquest, mjini Lincoln, Nebraska, bila ya kulitia jina lake, akafuatisha The Forged Note mwaka 1915 na The Homesteader mwaka 1917. Ya tatu inaisimulia upya hadithi ya ile ya kwanza: mkulima Mweusi, shamba lake, mke wake na mkwe asiyejua haya. Kwa kuwa hakuwa na mchapishaji mkubwa wa kumtegemea, alivitembeza vitabu vyake nyumba hata nyumba, akiwauzia hata wakulima Wazungu waliokuwa majirani zake. Katika mizunguko hiyo alijifunza kumtazama mteja usoni na kumshawishi alipie kitu ambacho bado hajakiona. Ujuzi huo, kuliko ule wa kamera, ndio uliokuja kumwokoa.

Mwaka 1918 George P. Johnson, mfanyakazi wa posta mjini Omaha aliyekuwa pia meneja wa Lincoln Motion Picture Company, alimwandikia akitaka haki za kuigeuza The Homesteader kuwa filamu. Lincoln ilikuwa kampuni ya Weusi iliyoanzishwa mwaka 1916, nayo ilikuwa imezoea filamu fupi. Micheaux hakukataa kuuza, aliweka masharti. Alitaka filamu iwe ndefu, na alitaka yeye mwenyewe aende Los Angeles kuusimamia uongozaji wake. Kwa upande wa kampuni, sharti hilo halikuwa na mantiki: angepewaje usukani mtu asiyejua chombo? Mazungumzo yakavunjika.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Ingekuwa rahisi kwa Micheaux kupokea malipo na kuwaachia wengine kazi, kama wafanyavyo waandishi wengi. Lakini riwaya ile ilikuwa maisha yake, pamoja na ugomvi wake na ukoo wa mkewe, naye hakuwa tayari mtu mwingine aamue ni nani mwovu na ni nani aliyedhulumiwa. Basi akaunda kampuni yake huko Sioux City, Iowa, akaipa jina la Micheaux Film and Book Company, akarudi katika njia zile zile alizozipita na vitabu. Safari hii aliuza hisa, na baadhi ya wanunuzi walikuwa wale wale wakulima Wazungu. Filamu yenye mikanda minane, ambayo mhusika wake mmojawapo aliigizwa na Evelyn Preer, ilionyeshwa Chicago mwezi Februari 1919. Wachungaji kadhaa walilalamikia sura ya mchungaji iliyomo humo. Bila shaka malalamiko hayo yaliitangaza filamu kuliko bango lolote.

Mtindo wa kazi uliozaliwa mwaka huo haukubadilika sana baadaye. Micheaux alisafiri na mikanda yake kutoka jumba hadi jumba, akiwaomba wenye majumba walipie mapema filamu ambayo ilikuwa bado haijapigwa. Fedha zilikuwa haba, hivyo matukio yalipigwa kwa haraka na makosa ya waigizaji mara nyingine yakabaki. Wahakiki waliomlaumu kwa ulegevu wa kiufundi hawakusema uongo, ila walisahau kuuliza gharama ya mkanda wa pili. Within Our Gates ya 1920, inayoonyesha bila kificho mauaji ya Weusi mikononi mwa magenge ya Wazungu, ilipingwa na wakaguzi wa Chicago, mji uliokuwa ndio kwanza umetoka katika ghasia za kikabila za 1919. Katika Body and Soul ya 1925, Paul Robeson alionekana kwa mara ya kwanza katika filamu, na mhusika wake, kwa mara nyingine tena, ni mhubiri mwovu. Mwaka 1928 kampuni ilifilisika. Micheaux akaisimamisha upya, na mwaka 1931 akatoa The Exile, filamu yenye sauti iliyoirejea tena hadithi ya shamba la South Dakota.

Alifariki tarehe 25 Machi 1951 mjini Charlotte, North Carolina, akazikwa Great Bend, Kansas. Nakala ya Within Our Gates iligunduliwa baadaye nchini Hispania, ikiwa na maandishi ya Kihispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitengeneza upya katika miaka ya 1990. The Homesteader haijapatikana. Anayetaka kuuchunguza mwanzo wa uongozaji wa Micheaux hana budi kuisoma riwaya yenyewe, pamoja na matangazo ya magazeti na barua za biashara zilizosalia.