Kasisi D'Agostino: Tabibu aliyewakumbatia watoto waliokataliwa

JINA la Kasisi Angelo D'Agostino haliwezi kutenganishwa na historia ya watoto waliozaliwa na virusi vya Ukimwi jijini Nairobi.

Alizaliwa 1926 mjini Providence, Marekani, mwaka uo huo ambapo hospitali ya kujifungulia akina mama ya Pumwani ilianzishwa. Alisomea udaktari, akajiunga na Shirika la Wajesuiti 1955, akapadrishwa 1966 na kubobea katika magonjwa ya akili. Huduma kwa wakimbizi ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki miaka ya 1980.

Katika mwongo huo, watafiti waliwafuatilia akina mama wenye virusi na vichanga wao hospitalini Pumwani. Madaktari nao walikuwa wakijifunza kutambua dalili za kinga iliyodhoofika kwa mtoto: utando mweupe kinywani usiosikia dawa, kuhara kwa majuma, mkanda wa jeshi ambao kwa kawaida huwapata wazee, na nimonia ya kuvu ambayo mtoto mwenye kinga timamu huishinda.

Hata hivyo, vipimo vya wakati huo vilikuwa na kasoro. Mtoto hubeba chembe za kinga za mamake hadi kufikia takriban miezi 18, hivyo wengi walihesabiwa wagonjwa ilhali hawakuwa na virusi. Vichanga hao walitelekezwa, na makao ya mayatima yakaogopa kuwapokea.

Septemba 8, 1992, D'Agostino, akishirikiana na mtawa Mary Owens, alifungua makao ya Nyumbani akiwa na watoto watatu. Baadhi ya waliopokelewa hapo walithibitika baadaye kuwa hawana virusi, wakapata wazazi wa kuwalea. Wenye virusi waliendelea kuaga dunia, kwa kuwa dawa zilikuwa ghali mno.

Mpango wake wa Lea Toto, ulioanza 1998, uliwafikia watoto mitaani, ikiwemo Kariobangi na Dandora. Mnamo 2001 alitangaza nia ya kuagiza dawa nafuu kutoka India. Shule za umma zilipowakataa watoto wake, alikwenda mahakamani. Januari 2004 serikali ikakubali wasajiliwe.

Alifariki Nairobi Novemba 20, 2006, akiwa na umri wa miaka 80. Siku hizi virusi vyenyewe hupimwa mtoto akiwa na majuma sita tu, na dawa huanza kabla ya dalili kujitokeza.