Robert Koch: Daktari aliyefichua siri ya kimeta

Mfugaji aliyefiwa na ng'ombe ghafla hukabiliwa na uamuzi mgumu. Akimchuna, ataokoa ngozi na pengine kuuza nyama kwa bei ya kutupa. Akimzika mzima, hasara yote ni yake. Kwa haraka, kuchuna huonekana nafuu. Aliyeonyesha kasoro ya hesabu hiyo ni daktari wa Kijerumani, Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara ya chuo wala wasaidizi. Utafiti aliufanyia nyumbani, baada ya kuhudumia wagonjwa.

Wilaya hiyo ya wakulima ilisumbuliwa na kimeta, kilichoua kondoo, ng'ombe na hata watu. Wataalamu waliomtangulia walishaona vijidudu mfano wa vijiti katika damu ya wanyama waliokufa. Lakini haikueleweka kwa nini malisho yaliyokaa miaka bila mnyama mgonjwa yaliua tena.

Koch alichukua damu ya mifugo iliyokufa na kuwaambukiza panya, nao wakafa. Kisha alikuza bakteria hao katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akawatazama kwa darubini. Aliwaona wakirefuka, halafu wakitengeneza vipunje vigumu viitwavyo spora. Vipunje hivyo huvumilia ukame na baridi, na hukaa ardhini kwa miaka mingi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1876.

Hapo ndipo hesabu ya mfugaji inapobadilika. Bakteria wa kimeta hutengeneza spora wanapopata hewa. Ndani ya mzoga usiopasuliwa, wengi wao hufa kadiri mzoga unavyooza. Mzoga ukipasuliwa, damu humwagika na malisho huchafuka. Aliyeokoa ngozi moja anaweza kupoteza kundi zima, na mchunaji mwenyewe akaambukizwa.

Koch aliendelea kupanda. Mwaka 1882 alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1884 akaeleza yule wa kipindupindu. Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kutafiti sotoka ya ng'ombe, na mwaka 1897 alifanya kazi Dar es Salaam. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Hakuwa sahihi kila mara. Tuberkulini, dawa aliyoitangaza mwaka 1890, haikuponya kifua kikuu, ingawa baadaye ilifaa kupimia ugonjwa huo kwa watu na ng'ombe. Mwaka 1901, akiwa London, alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Uchunguzi wa Waingereza ulithibitisha kinyume: maziwa mabichi huambukiza. Ndiyo maana tunashauriwa kuyachemsha.

Alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden. Leo hospitali huandika magonjwa kwa namba za kimataifa ili yahesabiwe bila kuchanganywa. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, kipindupindu ni A00, kifua kikuu kinaanzia A15, na kimeta ni A22. Kila kimoja kina namba yake kwa sababu kila kimoja kina chanzo chake.

Kwa mfugaji, dalili za kutilia shaka ni kifo cha ghafla, tumbo kuvimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Ukiziona, usichune, usile, usiuze. Zuia mbwa na watoto, kisha mwite bwana mifugo asimamie kuchoma au kufukia kwa kina. Mtu akipata kidonda chenye kovu jeusi katikati, hata kama hakiumi, awahi hospitali, kwani dawa za kuua bakteria huponya zikitolewa mapema. Chanjo ya kila mwaka kwa mifugo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko thamani ya ng'ombe mmoja.