Bwana Whyte na Bustani ya Entebbe

Sikukuu ziwadiapo, wakazi wengi wa Kampala hushika njia ya Entebbe, mwendo wa kilomita 40 hivi, wakastarehe na watoto wao kwa chakula na muziki katika bustani ya mimea kando ya Ziwa Viktoria. Ni wachache wanaomkumbuka mwanzilishi wake.

Alexander Whyte alizaliwa mwaka 1834. Mnamo 1891 alikuwa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, akikusanya mimea katika mlima Mulanje. Mwerezi wa huko ungali na jina lake katika elimu ya mimea. Alipoanzisha bustani ya Entebbe mwaka 1898 alikuwa na umri wa miaka 64, umri ambao wengi wetu hutafuta kiti kivulini.

Hata hivyo, hakutumwa kupanda maua ya kutazamwa. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni mimea gani ya kigeni, kama vile mpira na kakao, ingestawi hapa na kuleta fedha. Majina ya waliofyeka na kulima, ambao jasho lao ndilo lililoitengeneza bustani, hayatajwi kamwe.

Whyte alifariki mwaka 1908. Sehemu ya msitu wa asili ilisalimika, na humo mbega wangali wakirukaruka juu ya vichwa vya wageni wa sikukuu.