Toba Inayorudisha: Maisha ya Bartolomé de las Casas

Soma Hesabu 5:5–8, Isaya 1:11–17, Luka 19:1–10.

Bartolomé de las Casas alizaliwa Seville, Hispania, mwaka 1484. Baba yake alisafiri pamoja na Columbus katika safari yake ya pili, akarudi na kijana Mtaino, ambaye mwanawe alipewa awe mtumishi wake. Mwaka 1502 Bartolomé mwenyewe alivuka bahari mpaka kisiwa cha Hispaniola, akapewa wenyeji wa kumfanyia kazi. Mpango huo uliitwa encomienda. Mhispania alikabidhiwa watu ili awafundishe Ukristo, nao walilipia mafundisho hayo kwa jasho lao mashambani na katika machimbo ya dhahabu. Wengi walikufa kabla ya kufundishwa chochote.

Las Casas akawa padri, lakini hakuwaachilia watu wake. Desemba 1511 mtawa Antonio de Montesinos alihubiri huko Santo Domingo, akawaambia walowezi waziwazi kwamba ukatili wao ni dhambi ya mauti. Mtawa mwingine alikataa kumwondolea Las Casas dhambi kwa sababu alimiliki wenyeji. Las Casas akabishana naye, kisha akaenda zake. Baadaye alifuatana na askari kule Cuba, akashuhudia mauaji ya Caonao. Alihuzunika sana. Hata hivyo, alipopewa encomienda nyingine huko Cuba, aliipokea.

Mwaka 1514, alipokuwa akiandaa hubiri la Pentekoste, alisoma sura ya 34 ya Yoshua bin Sira, inayohusu sadaka itokanayo na mali ya dhuluma. (Kitabu hicho hakimo katika vitabu 66 vya Biblia yetu, lakini Isaya na Amosi wanafundisha jambo hilohilo.) Alitafakari kwa siku kadhaa. Tarehe 15 Agosti alisimama mbele ya walowezi, akatangaza kwamba amewaachilia watu wake, na kwamba wao pia hawawezi kuokolewa wasiporudisha walichopora. Walishangaa sana.

Mahali hapa darasa litulie kidogo. Zakayo hakusema tu kwamba anasikitika. Alitaja kiasi atakachorudisha. Las Casas alidai hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya hamsini. Sheria Mpya za mwaka 1542 zilitolewa kwa sehemu kutokana na juhudi zake, zikikataza kuwafanya wenyeji watumwa na kuzuia encomienda isirithiwe. Huko Peru walowezi waliasi, wakamwua mwakilishi wa mfalme, na kifungu cha urithi kikafutwa. Akiwa askofu wa Chiapas aliagiza kwamba mwenye watumwa asipewe ondoleo la dhambi mpaka awaachilie na kulipa. Waumini wake walimchukia hata ikambidi aondoke. Mwaka 1550, huko Valladolid, alimkabili msomi Sepúlveda, aliyetetea vita dhidi ya wenyeji. Waamuzi hawakutoa hukumu iliyo wazi.

Lakini kuna jambo ambalo msomaji Mwafrika hawezi kulipita. Mwaka 1516, akitaka kuwapunguzia wenyeji mzigo, Las Casas alipendekeza waletwe watumwa weusi. Biashara hiyo ilikuwepo kabla yake, lakini aliiunga mkono. Jicho lake lilimwona Mtaino, halikumwona Mwafrika. Miaka mingi baadaye alisoma habari za jinsi Wareno walivyowateka watu katika pwani ya Afrika Magharibi, akatambua kwamba utumwa wao ulikuwa dhuluma ileile. Aliandika hivyo katika historia yake ya nchi hizo, wala hakuwa na hakika kwamba kutojua kwake kungekubaliwa kuwa udhuru mbele za Mungu.

Alifariki Madrid mwaka 1566. Alikuwa ameagiza kitabu hicho kisitolewe kwa miaka arobaini. Kilianza kuchapishwa mwaka 1875, na Waafrika walikuwa bado watumwa Cuba.