Michael Buonocore

Michael G. Buonocore (1918 – 1981) alikuwa daktari wa meno na mtafiti kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kugundua mwaka 1955 njia ya kushikiza vifaa vya kuzibia kwenye enameli ya jino kwa kutumia asidi. Ugunduzi huo ndio msingi wa matibabu ya kisasa ya kurudisha umbo la jino lililomeguka kwa kutumia resini yenye rangi ya jino, inayoitwa kompositi. Kwa sababu hiyo mara nyingi anatajwa kama baba wa tiba ya meno ya kushikiza.

Mazingira ya kazi yake

Sehemu kubwa ya kazi ya Buonocore ilifanyika Rochester, katika jimbo la New York, kwenye zahanati ya meno ya Eastman. Zahanati hiyo ilianzishwa kwa fedha za George Eastman, mwanzilishi wa kampuni ya Kodak, na ilifunguliwa mwaka 1917 ili kutibu watoto wa familia zisizo na uwezo. Mwaka 1965 ilibadilishwa jina na kuwa Kituo cha Meno cha Eastman. Pamoja na kutibu, ilikuwa mahali pa mafunzo na utafiti.

Buonocore alipoanza utafiti wake, hapakuwa na kitu chochote cha kuzibia ambacho kingeweza kushikamana na jino. Kanuni zilizofuatwa na madaktari zilitokana na mafundisho ya G. V. Black (1836 – 1915), daktari wa meno wa Marekani. Daktari alichimba jino na kulipa tundu umbo maalumu, chini pana kuliko juu, ili amalgamu au dhahabu ibanwe isitoke. Black alifundisha pia kwamba tundu lipanuliwe hadi kwenye sehemu ambazo haziozi kwa urahisi. Hivyo sehemu nzima ya jino ilikatwa pamoja na sehemu iliyooza.

Kwa meno ya mbele tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Jino lililomeguka pembeni halina tundu la kubana kitu. Amalgamu ina rangi ya chuma na haifai mbele ya kinywa. Saruji ya silikati, iliyotumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na rangi inayokaribia ya jino, lakini ililika polepole kwa mate. Katika miaka ya 1940 zikaja resini za akriliki. Hizo zilisinyaa wakati wa kukauka na zilitanuka na kunywea kuliko jino kila kinywa kilipopata kitu cha moto au baridi. Mwanya ulibaki kati ya jino na kizibo, mate na bakteria wakapita, na jino likaendelea kuoza chini yake. Mtu aliyevunjika jino la mbele mara nyingi alikuwa na njia mbili tu: kukatwa jino hadi kubaki kisiki na kuvalishwa kofia, au kuling'oa.

Kabla ya Buonocore, Oskar Hagger, mkemia aliyefanya kazi nchini Uswisi, alikuwa amejaribu kutengeneza resini inayoshikamana na dentini, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Matokeo hayakudumu kinywani.

Jaribio la mwaka 1955

Buonocore aliangalia jambo hilo kutoka upande mwingine. Badala ya kutafuta gundi mpya, alijiuliza kama uso wa jino wenyewe ungeweza kubadilishwa ili upokee resini zilizokuwepo. Wazo alilipata viwandani, ambako asidi ya fosforiki ilitumika kuandaa uso wa chuma ili rangi ishike vizuri.

Enameli ni sehemu ngumu kuliko zote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Uso wake ni laini, na daima umefunikwa na utando mwembamba unaotokana na mate. Buonocore alipaka asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30, akaosha kwa maji na kukausha. Kisha aliweka matone ya akriliki kwenye meno ya mbele ya watu waliojitolea, mengine juu ya enameli iliyopakwa asidi na mengine juu ya enameli isiyopakwa.

Tofauti ilikuwa kubwa. Kwenye meno yasiyopakwa asidi, matone yalidumu kwa wastani wa takriban saa 11 tu. Kwenye meno yaliyopakwa, yalidumu kwa wastani wa zaidi ya saa 1,000, yaani zaidi ya majuma matano. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1955 katika Journal of Dental Research kwa makala fupi ya kurasa chache. Humo Buonocore alitaja matumizi ambayo njia hiyo ingeweza kuwa nayo, yakiwa pamoja na kuziba mifereji ya magego kabla haijaoza.

Kuchelewa kukubaliwa

Ugunduzi huo haukupokelewa mara moja. Madaktari walikuwa wamefundishwa kwamba asidi ndiyo inayoharibu meno, kwa kuwa ndiyo inayotolewa na bakteria wanaoozesha. Kuipaka kwa makusudi kwenye enameli nzima kulionekana hatari. Sababu nyingine ni kwamba akriliki za wakati ule zilikuwa dhaifu. Hata kama zingeshika, zilichakaa upesi na kubadilika rangi.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni kazi ya Rafael Bowen, aliyekuwa mtafiti wa meno katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani. Yeye alitengeneza resini mpya yenye molekuli kubwa, inayosinyaa kidogo kuliko akriliki, akaichanganya na chembe za silika zilizopakwa kemikali ya kuziunganisha na resini. Alipata hataza mwaka 1962. Mchanganyiko huo ndio chanzo cha kompositi zinazotumika hadi leo.

La pili ni kufahamika kwa sababu ya kushikamana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Buonocore, akishirikiana na A. J. Gwinnett na A. Matsui, alionyesha kwamba asidi huacha kwenye enameli vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Resini ikiwa bado majimaji hupenya humo, na ikikauka hubaki kama vijimizizi vilivyojikita ndani ya jino. Kwa hiyo nguvu ya kushika haikutokana na kemia ya gundi pekee, bali na kufungamana huko. Enameli iliyopakwa asidi lakini isiyofunikwa na resini hurudishiwa madini na mate baada ya muda, na hofu ya awali ikapungua.

Kuzuia kuoza kwa magego

Buonocore hakuishia kwenye kutengeneza meno yaliyoharibika. Magego ya watoto yana mifereji myembamba ambayo mswaki haufiki, na ndiko kuoza huanzia mara nyingi. Mwaka 1967 yeye na E. I. Cueto walichapisha matokeo ya kuziba mifereji hiyo kwa resini baada ya kuipaka asidi. Katika mwaka mmoja kuoza kulipungua kwa asilimia 86.

Mwaka 1970 alitoa taarifa ya njia iliyotumia resini ya aina ya Bowen, inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Hiyo ilimpa daktari nafasi ya kupanga resini bila haraka na kuikausha pale anapotaka. Baadaye mwanga huo uliachwa kwa sababu za usalama, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanga wa buluu unaoonekana. Mwaka 1975 alitoa kitabu kuhusu matumizi ya gundi katika tiba ya meno.

Buonocore alijaribu pia kushikiza resini kwenye dentini, na mwaka 1956 alichapisha matokeo pamoja na wenzake. Dentini ina maji mengi na vijifereji vinavyoelekea kwenye neva, hivyo mshiko wake ulidhoofika upesi kwenye unyevu. Tatizo hilo lilipata ufumbuzi wa maana baadaye, hasa kutokana na kazi ya Takao Fusayama na wenzake nchini Japani mwishoni mwa miaka ya 1970.

Jinsi njia yake inavyotumika

Katika kutengeneza jino lililomeguka, daktari kwanza huangalia kama neva imefikiwa. Kama haijafikiwa, huchagua rangi ya kompositi inayofanana na jino kabla halijakauka, maana jino kavu huonekana jeupe zaidi. Kingo za mmeguko hulainishwa kidogo. Hupakwa asidi ya fosforiki ya takriban asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, kisha jino huoshwa na kukaushwa, na enameli huonekana kama chaki. Hufuata gundi nyembamba, halafu kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja isiyozidi takriban milimita 2, na kukaushwa kwa mwanga. Mwisho hupigwa msasa hadi ing'ae.

Adui mkubwa wa kazi hii ni unyevu. Mate yakigusa enameli iliyokwisha kupakwa asidi, vishimo huziba na hatua hiyo hurudiwa. Kompositi nayo hubadilika rangi kwa chai, kahawa na tumbaku, na inaweza kumeguka tena kwa mtu anayefungua chupa za soda kwa meno au kusaga meno usingizini.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979, miaka miwili kabla ya kifo cha Buonocore. Matibabu ya aina hii yanahitaji umeme, taa na vifaa vya bei, kwa hiyo yanapatikana zaidi mijini. Kwa mkazi wa vijijini, au wa kata kama Mapinga iliyo kati ya Dar es Salaam na mji wa Bagamoyo, hali hiyo inaweza kumaanisha safari ya kwenda kliniki kubwa zaidi. Kwa muda mrefu kung'oa ndiko kulikokuwa tiba ya kawaida katika zahanati nyingi.

Wazo la kuziba jino bila kukata sehemu nzima lilipata sura nyingine Tanzania kwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuziba kwa saruji inayoshika jino. Njia hiyo iliungwa mkono na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 na imeenea katika nchi nyingi.

Katika maeneo ya Bonde la Ufa, kama vile Arusha na sehemu za Kenya, maji yenye floridi nyingi husababisha madoa ya kahawia na enameli dhaifu kwa wanaoyanywa tangu utotoni. Kompositi hutumika kufunika madoa hayo. Swali la kama enameli ya namna hiyo hushika vizuri baada ya kupakwa asidi lilichunguzwa kwa meno kutoka Kenya na Gladys Opinya na C. H. Pameijer, waliochapisha kazi yao mwaka 1986.

Urithi

Buonocore alifariki mwaka 1981. Chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulikia kuziba meno huandaa mhadhara wa kila mwaka kwa kumbukumbu yake. Njia yake hutumika pia kubandika vyuma vya kunyoosha meno, ambavyo zamani vilihitaji pete ya chuma kuzunguka kila jino. Asidi ya fosforiki aliyoichagua bado inatumika, ingawa kiwango chake kimepunguzwa.